Plagi Nane za Baba Kulwa

Jumatatu, 3 Machi

Uji, dawa, mazoezi ya mkono. Vidole vya kulia bado havifunguki. Miezi saba tangu kiharusi kimpige Baba Kulwa, na asubuhi zetu zote zinafanana.

Wifi yangu Holo amepiga simu kutoka Runzewe. Mama mkwe hataki kula tena. Anamtaja mwanawe tu. Nikasema nitakodi gari, kesho tutakuwa huko. Baba Kulwa akatikisa kichwa. Siku hizi maneno yake hutoka mazito, kama mtu mwenye chakula mdomoni, lakini hili lilitoka safi: "Langu."

Anasema pikapu yake. Nyekundu, ya petroli, silinda nane. Aliinunua mbovu kwa mkandarasi aliyekuwa akihama Geita, akaifufua kwa mikono yake. Tangu augue imekaa uani. Nimeiwasha leo. Inatetemeka, inakosa mapigo, inatoa moshi mweusi. Plagi zimechoka.

Naelewa kwa nini anaitaka. Mwezi wa kwanza tulipokwenda hospitali Shinyanga, alianguka kwenye kona ndani ya basi, watu wakamwinua kama gunia. Alilia mpaka nyumbani. Kwenye pikapu kuna mshikio aliouchomelea mwenyewe mlangoni, anaweza kushuka bila kubebwa. Hataki mama yake amwone akibebwa.

Nilimwambia nimwite fundi. Akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. "Wewe," akasema.

Nimekasirika. Nimekubali.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweka kwenye kiti kivulini, karibu na boneti. Nimeanza kazi injini ikiwa baridi, kama alivyonionyesha kwa mkono wa kushoto. Kwanza kuchomoa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi. Kisha upepo wa pampu kutoa vumbi kwenye mashimo. Ndipo spana. Miaka ishirini nilikuwa nikimpa spana, sikuwahi kufungua hata plagi moja.

Saba zimetoka bila shida. Nimezipanga juu ya gunia, kila moja na silinda yake. Nne za kahawia, nzuri. Mbili nyeusi kwa masizi. Moja imepasuka kauri.

Ya nane, nyuma kabisa, ilikataa. Nikataka kuweka nguvu.

"Taratibu," akasema. "Itakatikia ndani."

Nikaidondoshea mafuta ya kulainisha. Nikangoja. Kidogo huku, kidogo kule. Saa mbili nzima. Ikatoka. Mgongo umekufa, kucha zimejaa grisi. Yeye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Sijaona tabasamu hilo tangu Agosti.

Holo amepiga tena. Mama amekunywa maji ya kijiko. Nimemwambia amwambie kesho tunafika.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Naandika ili niikubali.

Asubuhi nilikwenda madukani Nyasubi, hapa hapa Kahama. Muuzaji akafungua kitabu chake, akatafuta aina ya injini, akanipa plagi nane mpya. Nikarudi mbio. Baba Kulwa akachukua moja, akasoma namba kwenye kauri, akairudisha kwenye boksi.

"Za moto hizi."

Nilijua anachosema. Injini ile aliichokonoa aiongezee nguvu, inachemka kuliko ilivyotoka kiwandani. Inataka plagi baridi, zile zinazotoa joto haraka. Kwa plagi za aina hii, namba ikipanda ndivyo zinavyokuwa baridi. Yeye hutumia namba saba. Hizi zilikuwa tano.

"Ni namba mbili tu," nikasema. "Mama anakungoja."

Nikazifunga.

Iliwaka mara moja, ikatulia. Nikajiona fundi. Tukaondoka saa nane mchana. Kwenye mwinuko, nilipokanyaga mafuta, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Nikaendelea kukanyaga. Akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Zima. Utatoboa pistoni."

Tulikaa kando ya barabara ipoe. Nikamwambia, sasa tusimamishe gari lolote, twende. Akageukia dirisha, machozi yanamtoka. Ningemlazimisha. Sikumlazimisha. Tumerudi Kahama mwendo wa konokono.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 6 Machi

Segese. Nimemwacha na jirani, Mama Joyce.

Karibu na mgodi kuna duka la vipuri wanalonunua madereva wa magari mazito. Mzee wa kaunta alikuwa mpole.

"Shikamoo," nikasema. "Naomba plagi za pikapu ya silinda nane."

"Marahaba, mama. Injini imeguswa?"

"Imeguswa. Mume wangu ameigusa."

"Basi usichukue za kitabuni," akasema, akapanda ngazi. Akashuka na namba saba, boksi zina vumbi.

Swali lile moja. Jana muuzaji hakuliuliza, wala mimi niliyejua jibu sikumwambia.

Nimefika nyumbani saa kumi. Kabla ya kufunga chochote, Baba Kulwa alitaka kupima gepu, ule mwanya cheche inaporuka. Mimi nikashika plagi, yeye akapitisha kibati cha kupimia kwa mkono wa kushoto. Pana. Nikaigonga kidogo juu ya ubao. Akapima tena. Tukafanya hivyo zote nane. Alikuwa ameinama, ulimi nje, kama zamani. Wateja walikuwa wakingoja foleni kwa ajili ya mikono hiyo.

"Kwanza vidole," akasema nilipoanza kufunga. "Uzi ukikaa vizuri, ndipo spana."

Injini imetulia. Tunaondoka alfajiri. Simu ya Holo haikupatikana jioni. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Tulitoka saa kumi na mbili. Kila mwinuko nilisikiliza. Haikugonga, haikukosa hata mara moja. Baba Kulwa alikuwa amevaa shati jeupe.

Masumbwe simu ikaita. Nikasimama pembeni. Sauti ya Holo ilikuwa kubwa, Baba Kulwa naye akasikia.

"Mayu ametuacha. Saa kumi na moja alfajiri."

Mayu ni mama, kwa lugha yao. Nikashika usukani. Nilifikiri atalia. Akasema, "Endesha."

Nikaendesha mpaka Runzewe. Uwanja umejaa, akina mama wanalia. Watu wawili wakaja mlangoni kumbeba. Akawakataa kwa kichwa. Akashika mshikio, akateremsha mguu mmoja, akangoja, akateremsha wa pili. Akachukua fimbo. Akatembea peke yake mpaka ndani alikolazwa mama yake.

Hivyo ndivyo alivyotaka afike.

Nilibaki nimeinamia usukani.

Jumamosi, 8 Machi

Tumezika saa tisa. Mvua kidogo. Baba Kulwa alitupia udongo kwa mkono wa kushoto, ukaangukia viatu vyake.

Jumatano, 12 Machi

Waombolezaji wengi wameondoka. Leo nimeosha masufuria na Holo nyuma ya jiko. Akaanza kusimulia, bila hasira, kama mtu anayetua mzigo. Tangu Jumatatu ya wiki ile, mama alikuwa akisikia gari lolote barabarani anauliza, "Ni yeye?" Jumatano, kwa kuwa nilisema tunafika, aliomba aogeshwe na avalishwe kitenge kipya. Akakaa ameegemea ukuta mpaka jua likazama. Ndipo akaomba kulazwa. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Nikaendelea kusugua sufuria moja. Holo akaninyang'anya taratibu. "Imetakata, wifi."

Ningekodi gari Jumatatu, Baba Kulwa angemkuta mama yake anaongea. Hata Alhamisi asubuhi angemkuta anapumua. Yeye alitaka afike kwa miguu yake. Mimi nilitaka haraka, nikaipoteza siku. Nimejaribu kugawanya kosa hili katikati yetu. Haligawanyiki.

Mchana nilikuwa namkata kucha. Akaniuliza, polepole, neno kwa neno, "Mama alisema nini? Mwishoni."

Nikamwambia alilala tu. Nikamwambia siku za mwisho hakujua hata kama ni usiku au mchana, hakumngoja mtu.

Alinitazama. Ananijua. Sijui kama aliamini.

"Wabeja," akasema. Asante, kwa lugha ya mama yake. Akiwa nami huongea Kiswahili.

Kisha akaomba maji. Nikampelekea, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.