Jina la Farquhar Kitabuni mwa Mwalimu

Shamba la Tornabrae,
Banffshire, Uskochi.
15 Aprili, 1861.

Mpendwa kaka Farquhar,

Hujambo huko Kanada? Kile kifua kimekuachia? Sisi tu wazima wa mwili. Macho ya Mama yamefunga kabisa tangu mwaka mpya, lakini akili zake ni zile zile, na bado ananisuta chumvi ikizidi kwenye uji.

Baba mdogo Dugald amemaliza kupanda nafaka ya oti kwenye shamba la chini. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike kabla ya zamu yangu. Wiki iliyopita serikali ilihesabu watu. Kila aliyelala nyumbani Jumapili usiku alitakiwa aandikwe. Jumatatu asubuhi akaja Mwalimu Pirie na kitabu chake. Ni mgeni huyu, ameanza kufundisha hapa vuli iliyopita, wewe hujapata kumwona. Alimkuta Mama peke yake karibu na moto, mimi niko zizini. Niliporudi alikuwa ameshaandika: Mama, Dugald, mimi, na wewe. Miaka ishirini na sita, hujaoa.

Nikamwambia, "Mwalimu, huyu yuko ng'ambo, mwaka wa tatu sasa."

"Alilala hapa," Mama akasema. "Nilimsikia akivua buti. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji, nikamwambia asogee motoni. Nikamsikia akienda kitandani."

"Uliota, Mama."

"Elspet, mimi ni kipofu, si mjinga."

Nilidhani Mwalimu atacheka. Akaniuliza polepole wewe una umbo gani. Kisha akasema alipokuwa akipanda kuja kwetu alipishana na mtu mrefu akishuka, amelowa hadi kifuani, na mvua haikuwa imenyesha siku nne. Alimwamkia, naye akavua kofia, akapita.

"Mkono wake ulikuwa na vidole vitatu," akasema.

Farquhar, sikuwa nimemwambia lolote juu ya ile mashine ya kupuria iliyokukata vidole. Wala Mama hakumwambia, nimemuuliza.

Nilikwenda kutazama kitanda chako. Blanketi lilikuwa kavu. Ila lilikunjwa kwa namna yako, ncha zikiwa ndani, na mimi silikunji hivyo.

Mwalimu akanipa kalamu. "Wewe ndiye unayejua. Kama hakuwepo, mfute."

Niliishika hadi wino ukakauka. Najua majira haya mnateremsha magogo mtoni, na barafu ndiyo kwanza inayeyuka. Sikuweza kupitisha mstari juu ya jina lako, nikamrudishia kalamu. Basi umebaki kitabuni pamoja nasi.

Dugald hataki jambo hili litajwe mezani. Nami silitaji, lakini kila nikienda kisimani natazama ile njia, na nikishatazama napata hofu.

Nijibu, hata kama ni maneno mawili. Usimpe mtu akuandikie.

Nisalimie Angus Geddes, mwenzako wa kambini. Na kama ni yeye anayeifungua barua hii, nakuomba Angus, tuambie bila kuzunguka.

Dugald anakusalimu. Mama nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amesema hana haja ya kutuma, atakupa mwenyewe ukirudi jioni.

Mungu akushike popote ulipo.

Dada yako akupendaye,
Elspet