Miraba Myeusi ya Minneapolis

Jumapili, 12 Aprili

Limefika. Limejaza njia yote ya kuingilia gereji, na mkia umetokeza barabarani. Gari-nyumba. Futi thelathini na moja! Rudy amelizunguka mara nne, mkono mmoja mfukoni, mwingine unalipapasa ubavuni. Majirani wametoka na vikombe vyao vya kahawa. Gorski wa nyumba ya mkabala akauliza dereva atakuwa nani. Mume wangu akaninyooshea kidole.

Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la shule hapa Toledo. Siku niliyorudisha funguo niliapa sitashika tena usukani mkubwa kuliko sahani. Futi moja kwa kila mwaka wa kazi — utadhani mtu kanifanyia makusudi.

Lakini niliahidi. Ilikuwa Oktoba, hospitali, Rudy ana mipira ya oksijeni puani. Nikamwambia ukitoka humu salama nitakupeleka popote. Nilidhani atasema ziwani. Akasema viwanja vyote thelathini vya besiboli ya kulipwa, kiangazi kimoja, kama walivyopanga yeye na marehemu kaka yake Caz tangu wakiwa na kaptura. Daktari kakubali kwa masharti mawili. Rudy asiguse usukani. Na tarehe 20 Agosti awe amelala mezani, abadilishiwe vali ya moyo. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Hilo "au basi" hakuna anayelitamka humu ndani.

Tunaondoka 23 Mei. Nimefua mapazia.

Jumanne, 14 Aprili

Friji halionekani kwa sumaku. Kila mji mawakala wa bima na madaktari wa meno hugawa sumaku yenye ratiba ya timu ya hapo: kila siku na mraba wake, mweusi timu iko nyumbani, mweupe iko ugenini. Mtu mwingine angeangalia kwenye kompyuta. Rudy na kompyuta hawapikiki chungu kimoja. Amewaandikia barua wenzake wa kiwandani, waliostaafu na kutawanyika nchi nzima, kila mmoja atume sumaku ya mjini kwake. Wametuma! Ishirini na tisa, na ya thelathini, ya Minneapolis, katuletea binti yetu Celeste kutoka kwa daktari wake wa meno.

Tiketi pia hanunui mapema. Ni dirishani, siku ileile, kama Caz. Caz alikuwa akisema kununua mapema ni kuichokoza mvua.

Basi anasimama mbele ya friji toka asubuhi, kanyoosha mkono mbali na uso, anakunja macho. Miwani yake ya kusomea iko juu ya redio, ina vumbi. Anasema miwani ni ya wazee. Ana miaka sabini na moja!

Nilipotaka maziwa nilimwomba asogee. Akasogea na Pittsburgh mkononi.

Alhamisi, 16 Aprili

Celeste kapiga simu. Mimba ni nzuri, mtoto anacheza. Ana miaka arobaini na moja, na hii ni ya nne — zile tatu hatuzisemi. Tarehe aliyopewa ni 15 Agosti. Mumewe yuko kwenye meli za kubeba chuma huko maziwani na hapati likizo mpaka Septemba.

Akaniuliza, kwa sauti ile ya alipokuwa na miaka sita akiogopa ngazi za stoo ya chini ya nyumba: "Mama, utakuwepo kweli? Usiniambie tu ili nitulie."

Nikamwambia nitakuwepo. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Sikudanganya. Kwenye mpango wa baba yake, Minneapolis, anakoishi Celeste, ndiyo kituo cha mwisho, 14 hadi 16 Agosti. Miji ishirini na tisa nitaendesha, nitamwaga maji machafu kwa bomba, nitakula soseji za uwanjani mpaka zinitoke puani. Lakini ule wa thelathini ni wangu. Nimeung'ang'ania huo tu. Bila huo nisingeweza hata kupanda ngazi ya lile dude.

Jumapili, 19 Aprili

Naandika nikiwa chooni. Choo cha gari. Nimekaa juu ya kifuniko, magoti yanagusa mlango, na mlango haufunguki.

Leo tulikuwa na mazoezi: kuishi ndani ya gari kutwa nzima, hapahapa mbele ya nyumba. Tumepika kabichi, tumegongana viwiko. Nimeingia humu saa nane, kitasa kikabaki mkononi. Rudy yuko upande wa pili na bisibisi. Anasema dakika tano tu. Hiyo ilikuwa nusu saa iliyopita. Ili nisichoke ananisomea mpango kupitia mlangoni. Cincinnati mechi ya mchana, twende Atlanta, tulale njiani. Atlanta mechi ya jioni. Miami siku mbili, moja ya akiba kwa ajili ya mvua ingawa uwanja wa kule una paa. Kwa nini? Kwa sababu Caz aliandika hivyo.

Daftari hili lilikuwa mfukoni mwa aproni. Heri.

Gorski amekuja kusaidia. Namsikia anamuuliza Rudy, dereva akifungiwa chooni huko Texas itakuwaje. Wanacheka. Nikacheka na mimi, halafu kicheko kikanigeuka, nikajifuta kwa karatasi. Kijidirisha cha juu kina ukubwa wa kitabu. Naona tawi moja la mti wa Gorski. Siku tisini hivi.

Rudy kasema, "Mama, umenyamaza. Uko sawa?" Nikasema niko sawa. Nimekuwa nikisema hivyo tangu Oktoba.

Jumatano, 22 Aprili

Mungu wangu.

Niandike taratibu. Rudy kaniomba nikopi mpango wote kwenye kalenda kubwa ya ukutani, maana mwandiko wangu unasomeka. Nimekaa mezani na sumaku zote, nahakikisha moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikihesabu watoto kabla ya kuondoa basi. Nimefika Minneapolis. Agosti 14, 15, 16: nyeusi. Nyumbani. Vizuri. Nikataka kuirudisha kwenye friji, nikaona chini kabisa, chini ya namba ya simu ya daktari wa meno, maandishi madogo kama mbegu za haradali. Nikavaa miwani ya Rudy.

"Nyeupe: nyumbani. Nyeusi: ugenini."

Nikazihesabu nyingine zote. Ishirini na tisa, nyeusi ni nyumbani. Hii moja tu imegeuzwa. Rudy hakusoma yale maandishi. Angeyasomaje, na miwani iko juu ya redio?

Siku hizo tatu hakuna mechi Minneapolis. Timu inaondoka tarehe 10 na haionekani mpaka 23. Tutafika baada ya viwanja ishirini na tisa, tukute geti limefungwa kwa mnyororo na mtu anafagia. Halafu siku nne baadaye anapasuliwa moyo.

Na nikimwambia? Najua atakavyofanya, atairekebisha kwa dakika kumi. Minneapolis iko nyumbani 9 hadi 11 Juni, tunatoka Milwaukee, tunapita, tumemaliza. Kisha mpango mzima unaishia upande wa magharibi, na tarehe 15 Agosti mimi niko San Diego au Phoenix, nyuma ya usukani, na Celeste yuko peke yake na maumivu yake.

Ndege nimeiwaza. Nikiruka mimi, ataendesha yeye. Hatangoja, namjua. Atasema kidogo tu, mpaka mji unaofuata.

Kwenye kalenda nimeandika Minneapolis, 14, 15, 16. Kwa herufi nzuri.

Alhamisi, 23 Aprili

Sijasema.

Jumamosi, 25 Aprili

Sumaku nimeificha ndani ya kopo la unga. Asubuhi Rudy kasimama mbele ya friji akauliza Minneapolis iko wapi. Nikasema labda imeanguka nyuma. Akapiga magoti na tochi kuitafuta! Mtu wa vali mbovu, kajilaza kwenye sakafu ya jikoni, anapuliza vumbi. Ikabidi nimwambie aache, nitaitafuta mimi. Akainuka uso mwekundu, mkono kifuani. Nikamketisha. Akasema ni vumbi tu.

Mchana nimepika tambi za dukani. Nilishindwa kulifungua lile kopo.

Nimekuwa mtu gani? Kwenye basi nilikuwa namshusha mtoto kwa kusema uongo kuhusu pipi tu.

Jumapili, 26 Aprili

Nimetoka kanisani mapema, kichwa kinauma. Nimeingia kwa mlango wa nyuma. Rudy alikuwa sebuleni na simu, anaongea na Celeste. Kwanza sikusikiliza. Halafu nikasikiliza.

Alikuwa akimwambia mpango wa Caz ulianzia Minneapolis. Kiwanja cha kwanza kabisa, Mei. Caz alitaka kuanza na kule kwa sababu walitaka kwenda wakiwa wadogo, na gari la baba yao likaharibika njiani. Rudy kakaa wiki tatu kuupindua, mji kwa mji, kwa penseli na kifutio, mpaka ukaishia kule.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Anafikiri imeangukia hapo tu. Ameendesha watoto wa watu maisha yake yote. Siku ya mtoto wake mwenyewe awe kwenye kiti cha kawaida, karibu na kitanda chako. Mimi nitakwenda uwanjani kwa basi."

Nilisimama jikoni na kofia kichwani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Kwa nini hakuniambia? Nami kwa nini sikumwambia neno hata moja toka Oktoba — kwamba sitaki, kwamba nimechoka, kwamba nikiliona lile gari dirishani natamani kurudi kulala? Nusu karne ya ndoa, kila mmoja anamfichia mwenzake wema wake na hasira zake kwenye kopo.

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikaufungua tena kwa kishindo, nikaita, "Nimerudi!"

Akakata simu harakaharaka. Kaniuliza mahubiri yalikuwaje. Nikasema marefu.

Jumatatu, 27 Aprili

Celeste kanitumia picha ya tumbo. Kaandika: siku mia moja na kumi. Anahesabu.

Nimejaribu kusema mara mbili. Ya kwanza alikuwa anakunywa dawa zake. Ya pili alikuwa anacheka na redio, timu yetu ilikuwa inaongoza kwenye awamu ya saba ya mechi. Nilifungua mdomo nikauliza kama anataka chai.

Alhamisi, 30 Aprili

Saa nne asubuhi. Niandike upesi.

Rudy yuko ndani ya gari-nyumba na simu tangu saa mbili, anaweka nafasi kwenye kambi za magari. Mwisho ni leo, kiangazi zinajaa zote. Kila akimaliza moja anapiga honi. Gorski amefunga madirisha yake. Nimehesabu honi ishirini na nane kutoka hapa jikoni. Sasa ya ishirini na tisa.

Kaja mpaka ukumbini, analia machozi, sijamwona hivyo tangu mazishi ya Caz. Kasema, "Dereva, imebaki moja." Mama mwenye kambi ya Minneapolis anamngoja kwenye simu. Akikubali tarehe hazibadiliki tena, mama yule kamwambia waziwazi. Anataka kuwa na hakika, moja tu hii, kwa sababu ya mwisho haina siku ya akiba baada yake. Akauliza, ile sumaku nimeipata? Nimpelekee garini amsomee yule mama.

Nikasema nimeipata. Kasema ahsante, mama, kisha kanibusu kichwani akarudi nje.

Nimefungua kopo. Nimeitoa. Imejaa unga, miraba yote ni myeupe, Agosti nzima iko nyumbani. Nikaipangusa kwa aproni mpaka nyeusi zikarudi. Iko hapa juu ya daftari. Picha ya Celeste iko kwenye simu yangu, pembeni yake.

Anaweza asiulize kitu. Nikimkabidhi hivihivi ataishika mbali, atakunja macho, ataona nyeusi tatu, atasema sawa. Atapiga honi. Nitakuwa na kiti changu karibu na kitanda.

Anaita.

Namwona kupitia dirishani, amekaa kwenye kiti changu cha dereva. Kashika usukani kwa mikono miwili. Gari limezimwa, lakini anaukata kushoto, anaukata kulia, anaangalia vioo. Midomo inacheza, naona anaendesha kwenda mahali.

Ameita tena. Nimevaa viatu. Sumaku ninayo mkono wa kushoto.

Nimepita kwenye redio. Nimeichukua na miwani yake. Naipuliza vumbi huku natembea kwenda garini, ayasome mwenyewe yale maandishi madogo ya chini.