Akiki ya Rangi ya Mkeka

Shangazi, shikamoo. Natumaini ukindu wako unakauka vizuri huko Bunda, maana huku Mwanza mvua haijatuacha tangu jana.

Jiwe lako la akiki la kuvaa arusini nimelipata hapa mtaa wa Pasiansi, kwa mama mmoja anayepanga mawe juu ya kanga. Alinipa la pinki, linang'aa kweli. "Limetoka ardhini hivi hivi, mwanangu."

Nikaligeuza. Kwenye nyufa ile pinki ilikuwa imejikusanya, nzito kama uji uliobaki chini ya sufuria. Nikaitambua. Ni pinki ya mikeka yako, ile rangi ya pakiti unayochemshia ukindu.

"Mama, hili umelichemsha. Shangazi yangu anasuka mikeka."

Akanisogezea kigoda. "Sasa yeye anafanyaje rangi isichuje?"

Nisamehe, shangazi. Nilimweleza yote, chumvi na hata ndimu. Kwa furaha akanipa bure akiki ambayo haijapikwa, ya kijivu kama maji yaliyooshewa dagaa. Hiyo ndiyo ya kweli, nakuletea.

Nimekukumbuka sana, na kwa kuwa nakujua, nakuomba usiitie kwenye sufuria yako.

Mwanao, Sabina