Maringo ya Zaina

Zaina, mwenzangu,

Najua utashangaa kupata barua yangu. Miaka kumi na tisa tuliishi ua mmoja hapa mtaa wa Bel-Air, mlango wako unatazamana na wangu, na sikukuandikia hata kikaratasi cha kuomba chumvi. Wake wenza hawaandikiani. Lakini jana mtoto wako aliolewa, wageni wameondoka, mume wetu amesinzia kitini na kofia yake kichwani, nami nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Neno lenyewe unalijua. Maringo. Mimi ndiye niliyeliingiza katika ua huu. Kabla hujafika lilikuwa neno la bibi yangu, mtu wa Kasongo, na kwake halikuwa tusi. Alisema bibi harusi asiye na maringo ni mgonjwa, atafutiwe dawa. Siku saba aringe apendavyo: akiitwa achelewe kuitika, akipita watu wanyamaze. Siku ya nane ashike ufagio.

Wewe uliushika siku ya nane, hereni zikiwa masikioni, ukafagia ua kana kwamba mji mzima umekuja kutazama. Nilisimama mlangoni nikamwambia jirani, kwa sauti ya kukufikia: "Huyu muke iko na maringo sana." Hukugeuka. Uliendelea kufagia, na nikaona unatabasamu.

Tangu hapo nililitia neno hilo katika kila kitu chako. Ukifunika sahani ya wali kwa kitambaa ulichofuma mwenyewe kabla ya kuwapelekea majirani, maringo. Ukichelewa kujibu salamu yangu, maringo. Ulipokuwa mgonjwa ukaomba wanja kabla daktari hajaingia, nikasema hata kitanda cha hospitali anakiringia. Hilo la mwisho nisamehe. Mengine tutayazungumza tukikutana.

Unajua kilichoniua? Vikwembe, hivi vitenge vyetu. Mume wetu, kwa kumwogopa Mungu na kutuogopa sisi, alikuwa akirudi kutoka mpakani Kasumbalesa na vikwembe viwili, rangi moja, urefu mmoja, asije akaambiwa anapendelea. Hakujua anavyonitesa. Angekuletea wewe kizuri na mimi kibaya, ningekuwa na la kusema. Kumbe kitambaa kilekile, mimi nikikivaa ni pazia, wewe ukikivaa watu wanaokwenda msikitini wanapunguza mwendo. Siku moja nilipokurushia neno langu ulinijibu, kwa upole ule wako ulioniudhi kuliko matusi, ukiniita dada yako mkubwa: "Yaya, na weye uringe basi. Kikwembe si kile kile?"

Sasa ni mwaka na miezi minne tangu tukuzike, na mume wetu analeta kikwembe kimoja. Mara ya kwanza alikiweka mkekani, tukakitazama wote wawili, halafu akatoka nje. Nilidhani nitafurahi. Nilikivaa Ijumaa, nikazunguka ua, nikageuka kutazama mlango wako. Ulikuwa umefungwa. Nilirudi ndani nikakivua.

Haya, nifike kwenye jambo lenyewe, maana nazunguka.

Siku ya arobaini yako, Safi, binti yako huyo mmoja, alitoka chumbani amevaa hereni zako. Alivuka ua kuwapelekea wageni chai na, Zaina, alitembea kama wewe. Bega lilelile, shingo ileile. Mimi nimezaa wana watatu, wote wanatembea kama baba yao, kama watu waliobeba magunia. Wivu ulinipanda. Nilijiambia huyu mwanamke hakuondoka, ameniachia mwingine. Nikamvuta mtoto nyuma ya jikoni, mtoto mwenye siku arobaini bila mama, nikamwambia: "Usinileteye maringo ya mama yako hapa."

Alizivua hereni palepale. Sikuziona tena kwa zaidi ya mwaka.

Baada ya siku hiyo alianza kutembea ameinama kidogo. Akicheka anaziba mdomo. Majirani walinipongeza, wakasema mtoto huyu umemlea vizuri, mpole, hana makuu. Nilizipokea sifa hizo zote. Nilizila nikashiba.

Mwezi uliopita watu wa Ruashi walileta posa. Kijana anatengeneza simu, ana adabu, anamtazama Safi hata asipotakiwa kumtazama. Nilifungua sanduku lako ili Safi achague kikwembe cha siku ya kutolewa mbele ya wageni. Juu kabisa kilikuwa kile cha mwisho, cha buluu chenye maua makubwa ya njano, kilicholetwa ukiwa hospitali na hukuwahi kukishona. Pacha wake ninaye mimi. Safi alikigusa, akakaa nacho kidogo, akakiweka kando. Akachukua kile cha kahawia ulichokuwa ukivaa kupikia. Nikamuuliza kwa nini.

"Kile iko na maringo, Mama Mukubwa. Utakasirika."

Nilifunga sanduku nikakaa juu yake. Miaka yote hiyo nilidhani napambana na wewe, na wewe ulikuwa unafagia zako. Aliyeanguka ni mtoto. Sasa anakwenda nyumba ya watu, kwa mama mkwe asiyemjua, ameinama, na aliyemwinamisha ni mimi. Nililia. Usifurahi sana.

Kesho yake nilimpeleka Safi pamoja na kile cha buluu kwa fundi wako, yule anayeshona barazani karibu na soko. Alipoona kitambaa alianza kutaja vipimo vyako kwa kichwa, bila kuulizwa, jambo ambalo sikulipenda. Hereni nilizidai mwenyewe. Safi alikuwa amezificha ndani ya kopo la maziwa.

Na jana ndiyo siku. Nilivaa changu cha buluu ili tufanane, mimi nikiwa upande wa mama. Ua ulijaa wanawake. Safi akasimama mlangoni pako, amependeza mpaka inauma, halafu nikaona bega linaanza kushuka. Alikuwa ananitafuta kwa macho, anaomba ruhusa. Nilipita katikati ya watu, nikamweka sawa kitambaa cha kichwa ingawa hakikuwa na kasoro, nikamwambia sikioni:

"Ringa, mwana wangu. Ringa."

Alinitazama kuona kama ni mtego. Kisha akanyoosha shingo, akaringa. Zaina, mtoto wako aliringa. Vigelegele vilisikika barabarani, na dada yako akalia kwa sauti akisema ni wewe umerudi. Nilimfuata nyuma nimevaa kitambaa kilekile, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Wivu ukanishika kifuani, palepale pa zamani. Nilimwonea yeye, nikakuonea wewe, na vigelegele nikapiga hivyohivyo mpaka sauti ikakauka.

Nakuaga sasa, mume wetu anaanza kujinyoosha na atataka chai. Nakuahidi hivi: siku ya nane nitakwenda Ruashi. Nikimkuta Safi anafagia na hereni masikioni, nitakaa nimtazame mpaka amalize. Na mama mkwe wake akilitamka lile neno kwa sauti ya kumfikia, atanikuta mimi, maana nalijua kuliko yeye.

Mungu akulaze mahali pema, mwenzangu. Kikwembe changu cha buluu nimekirudisha kwa fundi wako asubuhi hii. Nimemwambia anitilie mikono kama ya kwako. Ukicheka, cheka polepole.

Mimi, Mama Idi, wa mlango unaotazamana na wako