Silensa ya Mashine ya Elinipa

Jumanne, 3 Septemba 2024

Nimechemka. Miaka ishirini na sita ya kuandika habari, na leo nimenunua kitu kwa neno la simu ambalo sikuliuliza maana.

Wifi yangu Elinipa, mjane wa kaka, alipiga asubuhi. Injini ya mashine yake ya kumenyea kahawa inawaka, lakini "silensa hakuna". Nikatoka Lemara, nikazunguka maduka ya spea, nikapanda mlimani na ekzosi mpya, bomba la moshi, maana ndiyo silensa niijuayo mimi, inang'aa. Fundi Loishiye, aliyeitwa toka Kisongo, aliitazama akacheka hadi akakaa chini.

"Mama, mgonjwa anaumwa kifua, wewe umemletea suruali!"

Kumbe kwa mafundi silensa ni ule mngurumo wa chini, injini ikiwa imepunguzwa mafuta, inapumua tu. Hii haina. Ukipunguza, inazima. Ukiongeza, inakwenda mbio na kuchana punje. Punje zilizochanwa hazipati daraja.

Mchumo mkubwa ni Ijumaa. Kahawa mbivu hailali. Inamenywa siku hiyo hiyo. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Elinipa ana namba yake mwenyewe ya kuuzia kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Zamani kahawa ya shamba hili ilipita kwa jina la kaka, kisha la mdogo wetu Ndesanjo. Ndesanjo ana mashine nzima. Leo kasema, usihangaike shemeji, leta kwangu, ipite jina moja kama siku zote.

Elinipa akajibu asante. Asante yenye hapana ndani.

Jumatano, 4 Septemba 2024

Loishiye kasema ugonjwa uko kwenye kabureta, na leo nimeielewa! Naandika kabla haijaniponyoka.

Nilidhani inasukuma petroli. Haisukumi kitu. Ni bomba la hewa lenye kiuno chembamba. Injini inavuta pumzi, hewa inapita kwenye kiuno kwa kasi, na penye kasi mgandamizo unashuka. Tundu dogo liko hapo hapo. Petroli inanyonywa toka bakuli la chini, inapanda yenyewe, inatawanyika kama ukungu. Nyumbani uchochoro kati yetu na jirani hufanya hivyo hivyo: upepo ukipita kwa kasi, pazia letu linavutwa nje ya dirisha. Miaka yote nimelirudisha ndani bila kuuliza!

Sikuridhika na maneno. Mrija kwenye glasi ya maji, mrija wa pili nikapuliza juu yake. Mara ya nne maji yakapanda na kumrukia Elinipa usoni.

"Wifi, wewe na umri huo!"

Halafu akataka kupuliza yeye. Akapuliza mara saba.

Bakuli lina boya, kama tangi la choo: petroli ikijaa, boya linapanda na kufunga njia. Na matundu ni mawili. Kubwa la kazi. Dogo, dogo sana, la silensa. Dogo limeziba. Petroli ya msimu uliopita ililala humo miezi minane ikageuka gundi. Msimu ukiisha, kaka alikuwa akifunga koki ya petroli na kuiacha injini ikaushe iliyobaki mpaka izime. Tulimwita bahili.

Alhamisi, 5 Septemba 2024

Nilileta sindano. Loishiye akanishika mkono – ukilipanua hilo tundu, mama, umelizika.

Elinipa akaenda bandani, akarudi na unywele wa mkia wa ng'ombe. Wakauloweka kwenye petroli, wakaupitisha taratibu, saa nzima. Nikainua jeti, kile kipande chenye tundu, juani. Mwanga! Mdogo kuliko nukta.

Giza likatukuta hatujaijaribu.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Saa tisa alasiri. Nimekaa juu ya debe, naandika gotini. Wachumaji wamemaliza. Magunia kumi na moja yanasubiri.

Injini imewaka, mvuto wa pili tu! Inapiga kelele, haijashuka bado. Loishiye alitaka kuirekebisha, Elinipa akamwambia mpe mwenye mashine. Amempa bisibisi. Elinipa anakaza skrubu ya hewa robo mzunguko, anasikiliza, analegeza. Hatazami injini. Anatazama migomba.

Gari la Ndesanjo limeingia. Kashuka na kamba za kufungia mizigo begani.

"Shikamoo dada. Nimekuja kubeba."

Nikamwambia marahaba, subiri.

"Nisubiri nini? Hiyo ikishuka inazima, kila mtu anajua."

Elinipa hajageuka. Anashusha mafuta. Mngurumo unashuka. Unashuka zaidi. Umekohoa – mara moja – Loishiye kaweka mkono mdomoni.

Haijazima.

Inapumua. Polepole, sawasawa. Ndesanjo kainamisha kichwa, anasikiliza kama sisi. Kamba bado ziko begani.

"Shemeji," Elinipa anamwambia, "gunia hilo zito. Nishikie upande huo nimimine mashineni –"