Kuta za Mishipa ya Baba Zimekuwa Nene, na Yeye Anafurahi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na tafadhali jina langu usilitoe. Mimi ni msichana wa sekondari, mwenye haya, yule ambaye mwalimu akiuliza swali hujifanya anatafuta kalamu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni nasoma kwa lugha nyingine, kwa hiyo baba alipoambiwa ana presha alinichukua mimi nikamfasirie hospitali, maana daktari ni mgeni na Kiswahili chake kinaishia kwenye "habari" na "pole".

Daktari akachora duara, akaeleza kwamba presha ya muda mrefu imezifanya kuta za mishipa ya baba kuwa nene na ngumu na kwamba hilo ni jambo baya, nami nilielewa vizuri tu, lakini nikamtazama baba, ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa ofisini, nikasema, "Baba, anasema kuta za mishipa yako zimekuwa nene," halafu nikaishia hapo. Baba ni fundi mwashi. Alijipiga goti akacheka, "Nene? Si ndiyo vizuri! Ukuta mwembamba ndio huanguka." Daktari akatabasamu, akidhani tumeelewana, na mimi, mshauri, nikatabasamu pia.

Tangu hapo ni majigambo. Mjomba akimuuliza afya anajibiwa, "Shemeji, ndani yangu ni tofali za kulaza, ukuta mpana, wewe una mbao." Mama akimkumbusha vidonge anasema dawa ni za wenye nyufa. Juzi kizunguzungu kilimshika juu ya ngazi, akashuka mwenyewe, akakaa kwenye mifuko ya saruji akalilaumu jua. Nikisema sasa atajua nilimficha, na kazini wote wameshamsikia akijisifu, atatahayari kwa sababu yangu, na nisiposema, mimi sijui. Je, nimeshamuua baba yangu?

Mkalimani Mwoga

MSHAURI ANAJIBU:

Hujamuua mtu, mwanangu. Shusha pumzi. Kabla ya kukujibu nimemuuliza daktari ninayemwamini, na habari si mbaya kama ulivyozililia.

Mshipa wenye afya hutanuka na kurudi kila moyo unapopiga. Damu ikiusukuma kwa nguvu mwaka hadi mwaka, ukuta wake hujihami: misuli hunenepa, nyuzi za kuvutika huchakaa, nafasi yake ikachukuliwa na nyuzi ngumu. Njia ya damu inabanwa, na presha inazidi kupanda. Lakini ikishushwa kwa vidonge, uharibifu huo hupunguzwa kasi, na sehemu ya unene huweza hata kurudi nyuma. Umesikia? Huweza kurudi nyuma. Basi futa machozi.

Sasa nikugombeze. Kuona haya ni pambo, lakini ndani ya chumba cha daktari ni mzigo. Ulipewa maneno ya mtu ukayafikisha nusu, na nusu uliyobaki nayo ndiyo yenye dawa. Na huyo baba naye! Fundi gani anausifu ukuta ambao hajaukagua? Mwambie kwa lugha ya kazi yake: ukipiga plasta juu ya plasta ndani ya korido, ukuta utanenepa, sawa, lakini toroli litapita wapi? Nakuhakikishia hapo ataacha kucheka.

Msingoje tarehe ya miadi. Akapimwe, na kile kizunguzungu akitaje, asilisingizie jua. Ngazi aiache mpaka aruhusiwe. Kifua kikimbana, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja wa mwili ukilegea, ni hospitali papo hapo bila mjadala. Vidonge anywe kama alivyoandikiwa, kichwa kimuume au kisimuume, kwa sababu presha haina adabu ya kubisha hodi. Nawe uende naye tena. Ukikwama, omba muuguzi anayejua Kiswahili akusaidie. Si aibu, ndiyo kazi yao.

Kuhusu kutahayari kwake kazini, hilo mwachie mwenyewe. Mwanamume aliyejenga nyumba za watu hashindwi kubomoa maneno yake.

Kunja gazeti sasa hivi, nenda ukamwambie: "Baba, siku ile sikumalizia." Atakukaripia. Mwache akaripie, na moyoni ushukuru kwamba anazo pumzi za kukaripia. Akichoka, mletee viatu, mwende.