Binti wa Nyani

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, ila mimi ni huu mguu. Kidonda kina miezi mitatu na dawa mbili zimeshindwa. Nesi amepeleka usaha kwenye maabara yenu. Najua hatujaandikiana miaka sita. Nisaidie.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ingawa hukuuliza.

Vijidudu vyako nimeviotesha mwenyewe. Dawa iliua vile dhaifu. Vichache vilivyostahimili vikazaana, na uzao wao si kama mababu zao. Ndiyo hayo niliyokuwa nawafundisha wanafunzi, ukapanda madhabahuni ukaniita binti wa nyani mpaka shule ikanifukuza. Sikuwahi kusema Mungu hakuumba. Nilisema hana haraka.

Dawa ya kuviua ipo. Jina lake liko kwenye karatasi ya majibu, ndani ya droo yangu. Isome barua hii madhabahuni, nami nitakutumia karatasi hiyo.

Binti wa Nyani

16 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Safari hii nauliza.

Nimeisoma jana, ibada ya kwanza, nimeegemea mkongojo. Bibi mmoja wa kwaya akadakia, "Mchungaji, kama yeye ni binti wa nyani, wewe nani?" Kanisa zima likaangua kicheko. Nikawaambia nilikosea: awe aliumba kwa siku sita au polepole, Muumba ni yuleyule. Nilisema kwa moyo wote.

Vidole vimeanza kuwa vyeusi. Tuma karatasi, tafadhali.

Baba yako, nyani

19 Machi

Shikamoo Baba,

Huyo bibi wa kwaya mpe salamu zangu, nimecheka hadi machozi.

Lakini mwaka ule ulinitaja ibada zote mbili. Nasubiri ya pili.

Binti wa Nyani

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako hajambo, ila hataki kusikia habari zako.

Ya pili nimeisoma nikiwa nimebebwa kwenye kiti, kama nesi alivyokuarifu. Karatasi yako ilifika Jumanne. Mguu walikuwa wameukata Jumatatu, juu ya goti. Nesi kanionyesha tarehe uliyotia saini: saba Machi.

Nilikosea kukuita binti wa nyani. Nyani hawezi kuifungia dawa kwenye droo wiki tatu, akisubiri ibada ya pili. Moyo huo ni wangu, mwanangu. Umeurithi kama ulivyo, haujabadilika hata kidogo.

Baba yako